Kalenda ya akili unde iandikwe na wanaojua miadi

Programu za akili unde zinazopanga miadi kwa niaba ya mtu zimeanza kuingia ofisini, na nyingi hazijui saa zetu. Zinasoma barua, zinatafuta nafasi kwenye kalenda, zinatuma mialiko. Lakini ili kuigusa kalenda, programu hutegemea maelezo mafupi ambayo mtu fulani aliyaandika kuhusu kila zana inayopewa: zana inafanya nini, itumike lini, ijazweje. Maelezo hayo yakiwa mabovu, miadi nayo itakuwa mibovu.

Nilikuwa katibu muhtasari hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, nikishika daftari la miadi la mkurugenzi. Siku hizi niko kwenye kampuni ya programu, na kazi yangu ni kuandika maelezo hayo. Zana ya kalenda niliyoikuta ilikuwa na mstari mmoja: “Hutengeneza tukio kwenye kalenda.” Chini yake sehemu mbili za kujaza, mwanzo na mwisho. Basi. Karani mpya ukimwachia maelekezo ya namna hiyo, afanye nini mteja anapopiga simu na kusema “niwekee saa mbili”?

Saa mbili asubuhi kwenye kompyuta ni 08:00, na saa mbili usiku ni 20:00. Programu iliyolishwa zaidi Kiingereza inaweza kuandika 02:00 bila wasiwasi wowote, ikawatumia watu wote mwaliko, na simu ya mgonjwa ikamwamsha saa nane za usiku kumkumbusha kliniki. Bado hatujagusa usiku wa kuamkia Jumapili, ambao kwenye kalenda huanza Jumamosi. Kwa hiyo niliandika upya:

“Tumia zana hii kuweka miadi mipya, baada ya kuhakikisha muda huo uko wazi. Usiitumie kusogeza miadi iliyopo. Andika mwanzo kwa mwaka, mwezi, siku, saa na majira, mfano 2026-03-09T08:00:00+03:00. Mtumiaji akitaja saa kwa Kiswahili, hesabu ni ya Kiswahili: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00. Asipotaja kama ni asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize, usikisie.”

Hilo “usikisie” ndilo nililolipigania zaidi kwenye kikao. Wenzangu walihofia kwamba programu itakuwa na maswali mengi na wateja watachoka. Mimi nimeshapiga simu za kuomba radhi kwa wageni waliofika siku isiyo yao, najua zinavyogharimu. Swali moja kabla mwaliko haujatoka ni nafuu mno.

Kuna mtego mwingine ambao hata wataalamu huusahau. Programu inapoweka tukio la siku nzima kwenye Google Calendar, tarehe ya mwisho inayotakiwa ni ile inayofuata siku ya mwisho ya tukio. Semina ya Morogoro ya tarehe 10 hadi 12 inaandikwa kwamba inaishia 13. Maelezo yasiposema hivyo waziwazi, programu itaandika 12 kama mtu yeyote mwenye akili timamu, na siku ya tatu itaonekana iko wazi. Bosi atapangiwa kikao Posta huku yeye yuko Morogoro. Utaratibu huu umo tangu zamani katika iCalendar, kanuni ya kompyuta kubadilishana kalenda, iliyochapishwa mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho 2009. Anayefungua kalenda kwenye simu haoni kitu, kwa kuwa skrini inamrekebishia. Programu ya akili unde inaona kile tu tulichoiandikia.

Majira nayo yana yake. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wako saa moja nyuma yetu, Muscat saa moja mbele. Kikao cha kila Jumatatu na wenzetu wa London hakitoshelezwi na +03:00, maana Waingereza husogeza saa zao Machi na Oktoba. Lazima jina la eneo lenyewe litajwe, Europe/London au Africa/Dar_es_Salaam. Na Idd hungoja mwezi uandame, kwa hiyo maelezo yaagize kwamba miadi ya siku hizo isubiri uthibitisho.

Wapo wanaosema tusubiri, programu zitaerevuka zenyewe. Anthropic, watengenezaji wa Claude, walieleza mwaka 2025 kwamba programu yao ilikuwa ikibandika “2025” bila sababu kwenye maneno ya kutafuta mtandaoni, na matokeo yakapotoka. Walirekebisha kwa kuboresha maelezo ya zana. Kama wenye programu yao walirudi kwenye maandishi, sisi tunasubiri nini?

Ndugu zangu mnaounda programu hizi, msiandike peke yenu. Mwiteni katibu muhtasari, mhudumu wa mapokezi wa zahanati, mkatisha tiketi wa mabasi ya mikoani. Hao wanajua watu husemaje wanapoomba siku. Na ninyi mnaozinunua, kabla ya kulipa ombeni kuyasoma maelezo ya zana ya kalenda. Kisha iambieni programu, “Nipangie safari Jumamosi saa kumi na mbili.” Isipouliza kama ni asubuhi au jioni, msinunue.