Mbele karte mpya ifike, leta itengeneze njia ya kusahihisha jina na jinsia

Ndugu vijana wa Goma, Bukavu, Butembo, Uvira, Bunia, Lubumbashi, na nyie wote wenye munatusoma fasi zingine,

Wote munajua ile dakika. Umefika mbele ya dirisha la ofisi, ao ku bariere, ao ku benki. Unatoa karte ya uchaguzi. Agenti anaiangalia, anakuangalia wewe, anaangalia tena karte. Kisha anauliza: « Huyu njo wewe? »

Kwa wengi wetu maneno yanaishia hapo. Lakini kuko wenzetu wenye shida yao inaanza na hilo swali.

Kuko dada mwenye alimaliza masomo, diplome ikatoka na herufi mbili zimegeuka katika jina lake. Karte inasema hivi, diplome inasema vile, na mwenye kutoa kazi anamuambia: hawa ni watu wawili. Kuko kijana mwenye wazazi walimuita Mateso ju alizaliwa njiani, wakati wa kukimbia vita. Leo iko na miaka ishirini na kitu, na kila mara wanamuita anarudishwa mu ile njia. Kuko mtoto mwenye alizaliwa na mwili wenye haukuonyesha wazi kama ni kijana ao binti. Watu wazima waliamua haraka, wakaandika « M », na leo yule mtoto ni binti mkubwa mwenye anaogopa kujiandikisha ku iniversite. Kuko pia mwenzetu mwenye aliandikwa mwanaume lakini anaishi kama mwanamke. Majirani wanamujua hivyo, wateja wake wanamujua hivyo, ni karatasi tu yenye haimujue. Kwake yeye, kila bariere ni kesi. Siku zingine anaachiliwa na matusi. Siku zingine anapelekwa buloko, wanasema anaharibu tabia za watu.

Tunaweka hawa wote pamoja kwa kusudi. Shida yao ni moja: karatasi ya leta inasema neno lenye si kweli ju ya mtu, na yule mtu hana njia ya wazi ya kuisahihisha.

Leta inajua kubadilisha majina. Ilitubadilisha sisi wote.

Wakisema kwamba jina ni kitu chenye hakiguswe, tunaomba warudi nyuma kidogo mu historia yetu.

Mu mwaka 1966, Léopoldville ikawa Kinshasa, Elisabethville ikawa Lubumbashi, Stanleyville ikawa Kisangani. Mu Oktoba 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaïre. Mwanzo wa 1972, Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko, na raia wote wakaambiwa waache majina ya kikristo. Babu zetu wenye walikuwa Jean na Albert walilala na jina moja, wakaamuka na lingine. Padri mwenye angebatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishwa kifungo. Kardinali Malula, mwenye alisimama kupinga, alilazimishwa kukimbilia Roma. Nyuma ya 1990 majina ya ubatizo yakarudi polepole, na mu Mei 1997 Zaïre ikawa tena Kongo.

Kwa hiyo kuko watu mu jamaa zetu wenye walibadilisha jina mara mbili bila kuomba hata mara moja. Hakuna mwenye aliwaambia ni watapeli. Rejista ziliandikwa upya, kazi ikaendelea. Leo raia mmoja akija kuomba kwa hiari yake, kwa sababu yenye inamuuma, njo tunasikia kwamba ni maneno mazito sana, aende, arudi kesho, alete kitu kidogo.

Sheria inasema nini

Wengi wanafikiri kubadilisha jina ni kosa. Tusome pamoja.

Sheria ya jamaa, ile tunaita Code de la famille, ni ya tarehe 1 Agosti 1987, na ilirekebishwa mu Julai 2016. Kifungu 64 kinaanza kwa kufunga mlango: haikubaliwi kubadilisha jina, wala lote wala kipande, wala namna ya kuliandika, wala mpangilio wake. Kisha kinafungua dirisha: tribinali ya amani ya fasi unaishi inaweza kukubali, kama kuko sababu ya haki. Kifungu 58 nacho kinasema majina yatoke mu utamaduni wa Kongo, na jina lisiwe la kutukana, la kushusha mtu wala la uchokozi.

Kwa hiyo ndugu yetu Mateso iko na maneno ya kusema mbele ya jaji. Haombi huruma, anashika sheria. Anaandika ombi, anaeleza sababu yake, anaweka karatasi ya kuzaliwa na kitambulisho. Jaji akikubali, hukumu inapelekwa ku ofisi ya etasivili kusudi iandikwe mu rejista. Kisha njo anaanza kuzunguka na kopi ya hukumu: masomo, benki, karte.

Ku karatasi, hii ni njia. Lakini mtu mwenye iko mu kijiji cha mbali anajua kwamba kuko teritware zenye hazina tribinali ya amani yenye inatumika. Anajua kwamba kila stempu ina bei ya wazi na bei ya chini ya meza. Anajua kwamba bila avoka watamuzungusha mpaka achoke. Na yule dada wa herufi mbili, mwenye kosa halikuwa lake, iko mu mustari ule ule na ni yeye analipa. Mwenye alikosea alikuwa ku kompita ya leta.

Na ile herufi « M » ao « F »?

Hapa sheria inanyamaza. Karatasi ya kuzaliwa lazima itaje jinsia ya mtoto. Kama mwandishi alikosea, tribinali inaweza kurekebisha kosa. Lakini hakuna kifungu hata kimoja chenye kinaeleza nini kifanyike kwa mtoto mwenye mwili wake haukuwa wazi siku ya kwanza, wala kwa mtu mzima mwenye maisha yake hayafanane na ile herufi. Jaji mmoja anaweza kusikiliza, mwingine anaweza kukufukuza, na wote wawili watasema wanafuata sheria.

Na jina haliachane na hiyo herufi. Uliza Wanande wa Butembo na Beni. Ukisikia Masika, unajua ni binti wa kwanza. Ukisikia Kambale, ni kijana wa pili, Kasereka ni wa tatu. Jina peke yake limeisha kusema jinsia mbele hawajasoma karte. Ukimusahihishia mtu herufi ukamuachia Kambale, bado watamusimamisha ku bariere. Ukimubadilishia jina ukaacha « M », ni vile vile. Njo maana tunasema hayo mambo mawili yatembee pamoja, mu ombi moja, mbele ya jaji mmoja.

Katiba ya 2006 yenyewe hainyamaze. Kifungu 11 kinasema watu wote wanazaliwa huru na sawa katika heshima. Kifungu 16 kinasema mtu ni mtakatifu na leta iko na deni la kumulinda. Kifungu 31 kinalinda maisha ya siri ya kila mtu. Hakuna fasi imeandikwa « isipokuwa wale wenye karatasi zao hazifanane nao ».

Majirani wetu walianza. Afrika Kusini iko na sheria tangu 2003 yenye inaeleza namna ya kubadilisha jinsia mu rejista ya kuzaliwa. Huko Kenya, mu 2014, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani kumupa Audrey Mbugua cheti kipya cha masomo chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Alikuwa na alama nzuri za masomo, lakini cheti chake kilikuwa kinamufungia milango ya kazi. Na mu hesabu ya watu ya 2019, Kenya ilihesabu kwa mara ya kwanza watu wenye walizaliwa na miili yenye si ya kiume wazi wala ya kike wazi: ilipata 1.524. Hapa kwetu hata kuwahesabu bado.

Maneno yenye tunasikia

« Mutafungulia watapeli njia. » Tunauliza: leo mtapeli anapita wapi? Anatoa franga, anatoka na karte ya pili yenye jina lingine, na hakuna alama inabaki. Njia ya jaji inaacha namba ya hukumu, tarehe, na maandishi mu rejista. Tena wakati wa kujiandikisha kwa uchaguzi walichukua vidole vyetu. Jina likibadilika, vidole vinabaki vile vile. Mwenye kuogopa ukweli hapendi njia yenye kuandikwa.

« Hayo ni mambo ya bulaya. » Hapana. Kwetu, mwami akitawazwa anapewa jina la utawala. Mama akizaa, mtaa wote unaacha jina lake na kumuita mama ya fulani. Kwa Waluba, baba ya mapacha anaitwa Shambuyi, ju Mbuyi njo mmoja wa mapacha. Mu Biblia, Abramu akawa Abrahamu. Wazee wetu walijua kwamba mtu anaweza kufika fasi mu maisha yake jina la zamani halimutoshe tena. Na wale watoto wenye miili yao haikuwa wazi, hawakuletwa na ndege. Walizaliwa hapa, wazalishaji wetu wanajua, ni sisi tulizoea kunyamaza.

« Kuko vita, munaleta maneno madogo. » Hili linatuuma zaidi, ju tunazika watu wetu ndani ya hiyo vita. Lakini ni mu vita karatasi inaweza kuua. Huku Mashariki, kuko watu walishushwa ku gari ju jina lao lilisikika vibaya mu masikio ya mwenye bunduki. Mkimbizi mwenye jina lake haliko sawa ku liste harudi na unga. Wangapi waliacha makaratasi mu nyumba zenye ziliungua, wangapi walipoteza yote mu lava ya Nyiragongo, mu 2002 na tena mu 2021? Hao wote siku moja watasimama mbele ya dirisha kuomba karatasi mpya, na siku hiyo njo makosa yanaingia.

Kwa nini tunasema leo

Tangu 2023 leta inatuahidi karte mpya ya uraia. Tunaitaka, ju raia hawezi kuishi maisha yote na karte ya uchaguzi kama kitambulisho. Lakini karte mpya itachota mu makaratasi ya zamani. Kama hatusafishe kisima, tutakunywa maji yale yale mu kikombe kipya. Jina lenye lilikosewa litakuwa kosa la taifa. « M » yenye si kweli itafungiwa mu plastiki kwa miaka.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya:

1. Makosa ya kuandika, yenye leta ilifanya yenyewe, yarekebishwe ku komine, bila malipo, na kwa siku zenye zinajulikana.

2. Bei zote za tribinali na za etasivili kwa kubadilisha jina zibandikwe ukutani, mu Kifaransa na mu luga yenye watu wanaongea pale.

3. Bunge liandike njia ya wazi ya kusahihisha jinsia pamoja na jina, kwa ombi la mwenyewe, bila kumulazimisha kuvua nguo mbele ya mtu yeyote.

4. Mtoto mwenye amezaliwa na mwili wenye hauko wazi asiharakishwe, na wazazi wake wasihesabiwe kuwa wamechelewa kumuandikisha.

5. Polisi na askari wa bariere wafundishwe kwamba karatasi yenye haifanane na sura si ruhusa ya kupiga, kudai franga, wala kudharau.

Na nyie vijana wenzetu, kuko kazi yenye haingoje Bunge. Leo jioni toa makaratasi yako yote, yaweke ku meza, ulinganishe herufi kwa herufi: kuzaliwa, masomo, karte. Piga picha, tunza kopi fasi mbili. Ukiona kosa, usingoje siku ya kutafuta kazi. Kama rafiki yako anaenda ku tribinali kwa ajili ya jina lake, usimuache aende peke yake, ju mtu mwenye iko na mashahidi wawili nyuma yake hazungushwe kirahisi. Na kama iko mtu mwenye alikuomba umuite kwa jina lingine, muite. Hapo hauhitaji stempu.

Tuko watoto wa nchi yenye ilibadilisha jina mara nyingi na kila mara ilibaki Kongo. Raia naye akisahihisha karatasi yake anabaki raia. Tutaenda kuikumbusha leta hayo, kwa amani, dirisha kwa dirisha, mpaka yule agenti akiuliza « Huyu njo wewe? » kila mmoja wetu aweze kujibu bila kutetemeka: ndiyo, ni mimi.