Daktari Kasema Kapona. Yeye Je?

Tuseme shemeji yako wa Mtinko, kule Singida, kafanyiwa upasuaji wa fistula. Ni ule ugonjwa wa mkojo kuvuja wenyewe baada ya uchungu wa siku mbili tatu: kichwa cha mtoto kinakandamiza kibofu hadi nyama inakufa, tundu linabaki. Kashonwa. Daktari kajaza maji ya rangi kwenye kibofu, kaangalia, hakuna kinachopenya. Mpira wa mkojo umetolewa, karatasi inasema limeziba, na kaka yako anapiga simu Dar kwa furaha: mke wangu kapona!

Haya, mwulizeni mwenyewe.

Akikohoa, kanga inalowa. Akiinua ndoo, vivyo hivyo. Daktari hajadanganya, tundu limeziba kweli. Ila uchungu ule uliumiza pia misuli inayobana mkojo. Hospitali inahesabu ushindi, yeye bado anakaa benchi la nyuma kanisani. Na wapo wa kinyume chake: matone mawili matatu yanamtoka, daktari anasikitika, mwenyewe yuko mnadani anauza mafuta ya alizeti na anakwambia kapona kabisa!

Mwaka 2006 Women's Dignity Project na EngenderHealth walitoa utafiti uliowasikiliza wanawake na wasichana 61 waliopata fistula, wakiwemo wa Singida. Walieleza kazi zilizowashinda na aibu ya kukaa na watu. Maji ya rangi hayapimi hayo. Sisemi kipimo kidharauliwe, maana bila hicho utajuaje kama anayelowa ana tundu jingine?

Akina kaka, hapa panawahusu. Wengi wenu mnaisoma ile karatasi kama ruhusa ya chumbani, jamani! Madaktari hushauri kusubiri angalau miezi 3, na mimba ijayo ajifungulie hospitali kwa upasuaji. Hata miezi ikitimia, mwulize taratibu: anaumia? Anaogopa kulowesha shuka? Kwa siku anabadilisha vitambaa vingapi? Asipoulizwa atanyamaza, nawe utadhani hakupendi.

Akisema bado analowa, arudi hospitali. Yapo mazoezi ya misuli, na wengine hurudi kushonwa mara ya pili. Kuhusu nauli, CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kulipia usafiri wa wagonjwa wa fistula kwa kutuma pesa kwa M-Pesa.