Mwanamichezo wa chuo apewe mshauri nasaha

Vyuo vikuu vya Kenya havina budi kuwaajiria wanamichezo wao washauri nasaha, kama vinavyowaajiria makocha.

Mwanafunzi anayefanya mazoezi alfajiri, akaingia darasani saa mbili na kurudi uwanjani jioni, akiteguka mguu hukimbizwa zahanati. Akikosa usingizi wiki nzima kwa hofu ya kushindwa, huambiwa ajikaze. Kujikaza si tiba. Wasiwasi ukizidi hupunguza umakini, na mchezaji asiye makini huumia upesi.

Marekani, wanakokwenda wanariadha wetu wengi kwa ufadhili wa masomo, tangu Agosti 2024 vyuo vya Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, vinatakiwa kuwahakikishia wanamichezo huduma za afya ya akili. Huku kwetu, aghalabu kocha ndiye mshauri, na ndiye huyo huyo anayepanga kikosi. Nani atamfungulia moyo mtu anayeweza kumweka benchi?

Wanaotia saini bajeti za michezo watenge fungu la mshauri katika mwaka huu wa fedha, na waweke kanuni kwamba siri za mchezaji hazimfikii kocha.