Kwa Watu wa Ngara, Juu ya Simu za Wanaojiita Mabenki

Kwa wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu mnaokaa Ngara, Nairobi, tangu Barabara ya Park hadi Globe.

Lililonifanya nishike kalamu huku Leicester ni habari zisizokwisha kunifikia, za mama fulani ambaye, mara tu alipopokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye ughaibuni, alipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya upole, akaamkiwa kwa taadhima, akatajiwa majina yake matatu pamoja na nambari ya kitambulisho chake, akaambiwa kuwa makao makuu ya benki yameona jambo la hatari katika akaunti yake, na kabla chai aliyoimimina haijapoa, akiba yote ikawa imekwenda. Watu humwita mjinga. Mimi siafiki hata kidogo, kwa kuwa kilichomponza ni adabu yake njema: amelelewa kumsikiliza mgeni mpaka amalize haja yake, na kumkatia mtu maneno kwake ni utovu wa staha, na laghai analijua hilo kuliko sisi. Hata huku Uingereza wasomi wazima huibiwa vivyo hivyo, mpaka mwezi wa Septemba 2021 ikaanzishwa nambari fupi, 159, ya kumfikisha mtu kwenye benki yake ya kweli pindi apatapo shaka.

Lakini laghai huyo alipata wapi jina lako na nambari yako? Nendeni mkatazame mlangoni mwa jengo lolote la ofisi mjini, ambapo bawabu ameketi na daftari lililokunjika pembe, kalamu imefungwa kwa uzi, nawe hupandi ngazi mpaka uandike jina, kitambulisho, simu na sahihi. Na ukiinamia ukurasa ule, utawasoma wote waliokutangulia tangu asubuhi, hata na yule aliyekwenda kwa wakili kwa jambo lake la siri. Daftari la namna hiyo tulilizoea pia hapo awali kwa mawakala wa M-Pesa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imetupa haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ikaja kuitilia nguvu. Kamishna wa Data naye, mwaka 2023, aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya takriban shilingi milioni 3 kwa kuwasumbua watu kwa nambari ilizozipata kwa wengine. Yote hayo ni mema, ila bawabu hajayasikia. Kwa hiyo, mtu kulijua jina lako, hata na la marehemu babako, si hoja ya kuwa yeye ni mtu wa benki.

Anachokosa laghai ni kimoja tu, nacho ni nambari ya siri, au zile tarakimu zinazoingia katika simu yako kwa ujumbe naye akakuhimiza umsomee upesi kabla akaunti haijafungwa. Ukimsomea, ama ameifungua akaunti yako katika simu yake, ama ameihamisha laini yako kwake, ndipo utakapoona mtandao umepotea ghafla. Wengine, kama magazeti yalivyoandika mara nyingi, hupiga kutoka ndani ya gereza la Kamiti: ajabu ya mtu aliyefungiwa na serikali kuingia nyumbani mwako bila kubisha hodi!

Safaricom wametangaza kuwa wao huwapigia wateja kwa 0722 000 000, na kwamba ujumbe wa kilaghai upelekwe 333. Hata hivyo kioo cha simu nacho huweza kusema uongo, basi msikitegemee peke yake. Benki haina haja ya kuuliza nambari yako ya siri, wala mimi mwanao sina, hata nikiwa kitandani hospitali. Akipiga mtu akakuuliza, mkatie papo hapo, bila ya kwaheri wala udhuru, kisha uipigie benki mwenyewe kwa nambari iliyo nyuma ya kadi yako, si kwa ile aliyokupa yeye. Laini ikizimika bila sababu, azima simu ya jirani saa ile ile uwaarifu benki na kampuni ya simu, ndipo uwahadithie watu.

Nawaomba mzee yeyote ambaye macho yake hayamruhusu kusoma asomewe barua hii leo hii, kwa sauti, na mtu anayemwamini.

Wassalaam,
Ndugu yenu wa Leicester