Si Kila Bakteria katika Mkojo ni Ugonjwa: Funzo kutoka kwa Mbwa Mwenye Figo Mbovu

Mwaka jana mgonjwa wangu mmoja, mwalimu mstaafu mwenye ugonjwa sugu wa figo, aliingia kliniki na bahasha mbili za majibu ya maabara. Ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya mbwa wake mzee, mlinzi wa nyumba, ambaye naye alikuwa amegunduliwa kuwa na figo zilizochoka. Majibu yote mawili yalisema jambo moja: bakteria wameonekana katika mkojo. Mwalimu akaniambia kwa utulivu kwamba juma lililotangulia alimpa mbwa vidonge vya siprofloksasini vilivyobaki katika dozi yake mwenyewe, kwa kuwa ugonjwa ni mmoja na dawa ni ghali. Vidonge vile nilikuwa nimemwandikia mimi.

Nilimweleza kwamba dawa ya mtu haigawiwi mnyama bila ushauri wa daktari wa mifugo. Kisha, kwa ruhusa yake, nilimpigia simu daktari aliyekuwa akimtibu mbwa huyo. Mimi ni daktari wa figo za binadamu, wala sidai kujua kazi ya wenzetu. Nilidhani tutakubaliana tu juu ya dawa ifaayo. Jibu lake lilikuwa tofauti. Alisema hakukusudia kumpa mbwa antibiotiki yoyote. Mbwa hakuwa na homa, hakukojoa kwa maumivu, wala mkojo wake haukuwa na damu. Alikojoa ndani ya nyumba kwa sababu alikunywa maji mengi, na alikunywa maji mengi kwa sababu figo zake hazikuweza tena kuubana mkojo. Kisha akaniuliza: “Na wewe, daktari, mgonjwa wako ulimtibu kwa dalili gani?”

Nilifungua faili. Katika mwaka mmoja nilikuwa nimemwandikia mwalimu antibiotiki mara tatu. Mara zote tatu hakuwa na homa, maumivu ya kiuno, wala kuungua wakati wa kukojoa. Mara zote tatu nilitibu karatasi ya maabara.

Miezi mitano baadaye mwalimu alipata maambukizi ya kweli ya figo. Alikuja akitetemeka kwa homa, akiwa na maumivu makali ya ubavu. Mkojo ulipooteshwa, tulipata bakteria aina ya Escherichia coli wasiosikia kidonge chochote tulichokuwa nacho. Alilazwa, akatibiwa kwa sindano, akapona. Lakini uwezo wa figo zake haukurudi pale ulipokuwa, na safari yake kuelekea mashine ya kusafisha damu imekuwa fupi zaidi. Siwezi kuthibitisha kwamba dozi zangu tatu ndizo zilizozaa usugu ule. Ninachojua ni kwamba hazikumsaidia kitu, na kwamba antibiotiki isiyo ya lazima huua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu.

Maoni yangu ni haya: sisi tunaotibu binadamu tumezoea mno kumtibu mtu kwa sababu tu bakteria wameonekana katika mkojo wake, na katika jambo hili tunaweza kujifunza kwa wenzetu wanaotibu mbwa. Wapo miongoni mwao wenye kosa kama letu, lakini mwongozo wao uko wazi. Mwongozo wa kimataifa wa kutibu maambukizi ya njia ya mkojo kwa mbwa na paka, uliotolewa mwaka 2019, unashauri kwamba mnyama mwenye bakteria katika mkojo bila dalili za ugonjwa asipewe antibiotiki. Mwongozo huo unapendekeza pia siku 3 hadi 5 tu za dawa kwa maambukizi ya kawaida ya kibofu, na siku 10 hadi 14 kwa maambukizi yaliyofika kwenye figo. Mwaka huohuo wa 2019 Chama cha Magonjwa ya Kuambukiza cha Marekani kilitoa mwongozo kama huo kwa binadamu: bakteria wasio na dalili wasitibiwe, isipokuwa kwa wajawazito na kwa watu wanaokaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo unaoweza kuchubua ngozi laini ya ndani. Taaluma mbili, wagonjwa wa aina mbili, hitimisho moja.

Kwa nini basi tunakosea? Sababu ya kwanza ni kwamba dalili za figo zilizochoka hufanana na zile tunazoziita UTI. Figo zenye afya huyarudisha mwilini maji yanayohitajika na kuacha mkojo mzito. Figo mbovu hushindwa kazi hiyo, hivyo mkojo hutoka mwingi na mwepesi kama maji. Mbwa huanza kukojoa ndani. Mtu huanza kuamka usiku mara tatu au nne. Mwenye mbwa hudhani kibofu kimeambukizwa. Mhudumu wa afya naye hudhani hivyo, na akichovya kijiti cha kupimia mkojo akakuta chembechembe nyeupe za damu, huona jambo limekwisha. Kumbe mbwa wenye ugonjwa sugu wa figo hukutwa mara nyingi na bakteria katika mkojo ilhali hawana dalili yoyote, na hali hiyo huonekana pia kwa wazee, kwa wenye kisukari na kwa wanaotumia mrija wa mkojo.

Sababu ya pili ni mazoea ya mitaani kwetu. Mtu akiumwa kiuno ni UTI. Akichoka ni UTI. Akiwa na homa ambayo kipimo cha malaria hakikuieleza, ni UTI. Akimaliza dozi bila nafuu huambiwa ana “UTI sugu”, naye huanza dawa kali zaidi. Nimewaona wagonjwa waliobeba jina hilo kwa miaka, na walipochunguzwa vizuri ikabainika kwamba wana kisukari, mawe ya figo au tezi dume iliyokua. Hapo kilichokuwa sugu ni utambuzi wetu.

Kwa mwenye figo mbovu, awe mtu au mbwa, kosa hili lina gharama ya pekee. Dawa zilizopo kwake ni chache tangu mwanzo. Nitrofurantoini, ambayo ni dawa nzuri ya kibofu kwa watu wengi, haifiki vya kutosha katika mkojo wa mtu ambaye figo zake zimedhoofika sana, na yaweza kumdhuru. Jentamaisini inaweza kuziumiza figo zenyewe. Dawa nyingine nyingi hulazimu kupunguzwa kipimo. Kila dawa moja inayopotea kwa usugu huondoa sehemu kubwa ya akiba iliyobaki. Na mbwa wa mwalimu alikabiliwa na hatari nyingine pia: siprofloksasini ya binadamu hufyonzwa kwa kiwango kisichotabirika katika utumbo wa mbwa, hivyo dozi ya kukisia yaweza kuwa ndogo mno kutibu na ya kutosha tu kuwafunza bakteria usugu. Dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki na ibuprofeni ni mbaya zaidi. Zinaweza kuua figo za mbwa moja kwa moja.

Bakteria nao hawaheshimu mpaka kati ya mtu na mnyama. Watafiti katika nchi mbalimbali wamekuta aina zilezile za E. coli kwa mbwa na kwa watu wanaoishi nao nyumba moja, zikiwemo zile sugu. Usugu unaozaliwa katika banda la mbwa waweza kuishia wodini, na ule wa wodini waweza kurudi uani. Ndiyo maana Tanzania, katika mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa wa mwaka 2017 hadi 2022, na katika ule uliofuata wa 2023 hadi 2028, imezikutanisha sekta za afya ya binadamu na ya wanyama. Hesabu ya dunia inaonyesha kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na mzigo ulikuwa mzito zaidi katika Afrika kusini mwa Sahara.

Najua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba kipimo cha kuotesha mkojo ni ghali, huchukua siku kadhaa, na vituo vingi havina. Ni kweli, na serikali na vyuo vyetu vina deni hapa. Lakini hatua ya kwanza haihitaji mashine wala fedha: ni kumuuliza mgonjwa kama ana dalili, na kumsikiliza. Mgonjwa asiye na dalili, na asiye mjamzito wala hatarajii upasuaji wa njia ya mkojo, hahitaji kuoteshewa mkojo hata kidogo. Tukiacha kumpima, fedha na vifaa vichache tulivyo navyo vitabaki kwa anayevihitaji.

Hoja ya pili ni hofu: je, nikimnyima mgonjwa wa figo dawa, kisha maambukizi yakapanda? Hofu hii ninaijua, kwa maana ndiyo iliyoniongoza kuandika dozi zile tatu. Tofauti iko kwenye dalili. Homa, kutetemeka, maumivu ya ubavu, kutapika, kuungua wakati wa kukojoa au damu katika mkojo ni mambo ya kushughulikiwa siku hiyohiyo. Na pale inapowezekana mkojo uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Kwa mbwa, daktari wa mifugo atatazama homa, kugoma kula, maumivu ya mgongo, kukojoa kidogokidogo kwa kujikamua, au vipimo vya figo kupanda ghafla. Ninachopinga ni kutibu karatasi. Mgonjwa aliyeumwa atibiwe bila kuchelewa.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache. Wenzangu katika zahanati na hospitali, tuandike dalili katika faili kabla ya kuandika dawa. Dalili isipokuwepo, kalamu isimame. Ndugu zetu wa maabara, msiache kutukumbusha kwamba mkojo uliochukuliwa vibaya huotesha bakteria wa ngozini. Wauzaji wa dawa za binadamu na za mifugo, msiuze antibiotiki kwa kusimuliwa tu, wala nusu dozi kwa sababu mteja ana nusu ya fedha. Wagonjwa, msihifadhi vidonge vilivyobaki na msimpe mtu wala mnyama. Mkiambiwa mna UTI, mna haki ya kuuliza: “Daktari, ni dalili gani inayoonyesha hivyo?” Swali hilo si utovu wa adabu.

Na kwa madaktari wa binadamu wenzangu naongeza moja: tupige simu. Nilifanya kazi miaka mingi katika mji wenye madaktari wa mifugo bila kuzungumza na hata mmoja juu ya dawa tunazozitumia sote. Mbwa wa mwalimu aliishi miezi mingine minane kwa chakula kilichopangwa kwa ajili ya figo na maji ya kutosha, bila kidonge kimoja cha antibiotiki. Bwana wake bado anahudhuria kliniki yangu, na mkojo wake bado una bakteria. Hana dalili, nami simwandikii dawa.