Mambo ya Mji: Komine ni Nyumba Yenu



Kila mwaka mvua kubwa zinapofika Lubumbashi, maneno yale yale husikika katika Katuba, Kenya na Kampemba. Mfereji umejaa taka, maji yameingia nyumbani, njia imekatika. Jirani anamwambia jirani: «Komine inalala.» Pengine asema kweli. Lakini na afikiri kidogo: komine ni nani? Je, ni bulugumesta peke yake, pamoja na makarani wake na mihuri yao? La. Komine ni watu wote wakaao ndani yake. Nao wenyeji wakilala, wakubwa watalala pia.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyoanza. Mwezi wa Desemba 1957, watu wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, miji ambayo leo yaitwa Kinshasa, Lubumbashi na Likasi, walichagua washauri wa komine kwa mara ya kwanza. Hawakuitwa wote. Wanaume tu, wenye kutimiza miaka 25, ndio waliopiga kura. Wamama walikaa nyumbani. Hata hivyo mlango ule mdogo ulipitisha mambo makubwa. Joseph Kasa-Vubu alikuwa bulugumesta wa Dendale, huko Léopoldville, mwaka 1958. Mwaka 1960 alikuwa rais wa kwanza wa Kongo.

Leo mlango huo umepanuliwa. Katiba ya mwaka 2006 inazipa komine uwezo wa kujiongoza, na sheria ya 7 Oktoba 2008 inaeleza namna gani. Wenyeji wanachagua washauri; washauri wanachagua bulugumesta na msaidizi wake. Baraza la washauri ndilo linaloshauri juu ya njia na mifereji, masoko, taa za barabarani, usafi, shule za watoto wadogo na shule za msingi. Nalo ndilo linalopitisha hesabu ya fedha ya komine kila mwaka.

Sheria hiyo ilikaa kitabuni miaka mingi bila washauri kuchaguliwa. Kura ya komine ilipigwa katika uchaguzi ulioanza tarehe 20 Desemba 2023, tena katika miji mikuu ya majimbo tu. Lubumbashi walichagua, Kolwezi walichagua, Likasi walingoja. Safari hii wanaume na wanawake waliitwa sawasawa, tangu umri wa miaka 18.

Mtu mmoja atasema: «Nilipiga kura, kazi yangu imekwisha.» Sivyo, baba. Mtu akimpa mwenziwe mbuzi zake azichunge, je, haendi tena kuzihesabu? Kura ni siku moja. Kuhesabu mbuzi ni kila siku.

Na mbuzi wenyewe si wachache. Sheria ya migodi, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inaagiza kila kampuni inayochimba na kuuza madini ilipe ushuru wa madini hayo. Katika kila franka 100 za ushuru huo, 50 ni za serkali kuu, 25 ni za jimbo, 10 zinawekwa akiba kwa ajili ya vizazi vijavyo, na 15 ni za komine, au sekta, au usultani ambamo mgodi unafanya kazi. Katika nchi ya shaba na kobalti, hizo 15 si kitu kidogo. Zaweza kuwa darasa, daraja, kisima au nyumba ya kuzalisha wamama. Zaweza pia kuyeyuka kama chumvi ndani ya maji, ikiwa hakuna mtu anayeuliza.

Mwingine atasema: «Mimi ni mtu mdogo, nani atanisikia?» Wazee walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Basi usiende peke yako. Huko Bukavu, tangu zaidi ya miaka 10 iliyopita, komine zilijaribu kuwaita wenyeji waseme wenyewe ni kazi gani ifanywe kwanza kwa fedha ya komine. Hata simu za mkononi zilitumiwa kutangaza siku za mikutano. Watu wa kawaida walikaa pamoja na wakubwa wao na kuchagua. Kile kilichowezekana huko chaweza kujaribiwa kwingine.

Tufanye nini basi? Haya ni mambo matano, ambayo kila jamaa yaweza kuyafanya bila fedha nyingi.

La kwanza: jueni majina ya washauri wenu. Ulizeni kwa komine, andikeni majina, watajieni watoto wenu pia. Asiyejua jina la mtumishi wake hawezi kumwita.

La pili: kusanyikeni majirani wa avenyu moja, mpatane juu ya jambo moja tu. Msipeleke mambo 20 kwa siku moja, kwa maana yatasahauliwa yote. Mfereji huu, au daraja lile: basi.

La tatu: andikeni barua, mtie tarehe na majina yenu. Fanyeni nakala mbili. Moja inabaki kwa komine. Ya pili inapigwa muhuri wa kupokelewa, nanyi mnarudi nayo nyumbani. Maneno ya mdomo hupeperuka, lakini karatasi yenye muhuri yabaki, na baada ya mwezi mmoja mwaweza kwenda kuuliza jibu.

La nne: lipeni kodi iliyo ya haki, lakini daima mwombe risiti. Mama muuza mboga sokoni akitoa fedha yake bila risiti, fedha hiyo pengine haitaona kamwe mlango wa komine. Tena asiyelipa atauliza mfereji kwa uso gani?

La tano: andikisheni watoto wenu. Bulugumesta ndiye mwenye kitabu cha wazaliwa. Kwa sheria, mtoto aandikwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa, na kuandika huko ni bure. Siku hizo zikipita, inakuwa lazima kwenda mbele ya tribunali ya watoto, na njia hiyo ni ndefu, yenye gharama. Wazazi wengi wanangoja mpaka shule inapodai karatasi. Ndipo wanapoanza kukimbia huku na huku. Mbona kukimbia kesho, wakati leo mwaweza kutembea pole pole? Tena komine isiyojua hesabu ya watoto wake itajengaje madarasa ya kuwatosha?

Nanyi wanafunzi, msifikiri kwamba mambo haya ni ya wazee tu. Ninyi mwajua kusoma na kuandika. Nyumbani pengine yuko baba au nyanya asiyejua kuandika, lakini anajua vema mahali daraja lilipovunjika. Yeye aseme, wewe uandike. Hiyo ni kazi ya heshima, nayo itawafundisha zaidi kuliko ukurasa mzima wa somo la uraia.

Hatusemi kwamba mlango utafunguliwa mara moja. Komine nyingi zina mahitaji mengi na fedha kidogo; wengine watawaambia «mrudi kesho», na kesho tena «mrudi kesho». Rudini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Naye asiyeuliza habari ya mfereji wakati wa jua, atauliza habari ya nyumba yake wakati wa mvua.