Kupozi si Kudanganya

Ukimtaja August Sander mbele ya wapigapicha wa hali halisi, hukosi wa kukuambia kwamba sifa zake zimezidi. Alikuwa fundi wa studio tu, watasema, Mjerumani aliyewasimamisha watu kama askari gwarideni akawapiga picha, basi. Madai hayo yana sura kadhaa, na hayalingani uzito.

Linalosikika zaidi ni kwamba picha zake ni za kupozi, kwa hiyo haziwezi kuwa ushahidi wa maisha. Msemaji anaamini kwamba ukweli hunaswa pale tu mtu asipojua kuwa anapigwa picha. Lakini Sander, mzaliwa wa Herdorf aliyefanya kazi mgodini kabla ya kuishi kwa kamera, alikuwa akitoka Cologne kwenda vijiji vya Westerwald na kamera kubwa ya vioo, kamera iliyomtaka mtu atulie kwa sekunde kadhaa. Kutulia huko ndiko kulikotoa habari. Mtazame saidia fundi aliyempiga mwaka 1928. Matofali yamepangwa juu ya ubao mabegani, kulia na kushoto kwa kichwa, na macho yametua moja kwa moja kwenye kamera. Amepozi, nani anabisha? Hata hivyo mzigo ni wake, na namna anavyotaka tumwone akiwa chini ya mzigo huo ni yake pia. Angepigwa kwa kuviziwa, tungebaki na huruma ya mpigapicha tu. Maoni ya kibarua mwenyewe yasingekuwamo.

Mpigapicha Mmarekani Walker Evans alilielewa hilo mapema. Mwaka 1931, katika jarida la Hound & Horn la Marekani, alikisifu kitabu cha Sander cha picha 60, *Antlitz der Zeit*, kilichotoka 1929. Miaka mitano baadaye alikuwa Alabama, akiwasimamisha wakulima maskini wa pamba mbele ya kuta zao za mbao, wakimtazama naye akiwatazama. Sisemi alinakili. Evans alijifunza pia kwa mpigapicha Mfaransa Atget, na kuanzia 1938 aliificha kamera ndani ya koti ili awapige abiria wa treni za chini ya ardhi za New York, jambo ambalo halifanani kabisa na Sander. Lakini wale wa Alabama hawakuviziwa.

Dai zito ni jingine: kwamba Sander alikusanya watu kama sampuli, na kwamba kazi yake ni ndugu wa sayansi ya mbari iliyoivuruga Ujerumani. Nusu yake ni kweli, wala sioni haja ya kuificha. Sander aliamini kwamba kazi na tabaka huacha alama usoni. Aliwagawa Wajerumani katika makundi saba, akaanza na mkulima na kumaliza na aliowaita watu wa mwisho, wakiwemo vipofu na maiti. Picha yake mashuhuri ya 1914 inaonyesha vijana watatu kwenye njia ya vumbi, wamevaa suti na kofia, bakora mkononi, sigara mdomoni mwa mmoja wao, wakielekea dansini. Aliwaita wakulima. Waliofuatilia habari zao baadaye waligundua kwamba walikuwa wakila mshahara wa mgodi. Maelezo chini ya picha yalisema kisichokuwepo, na hapo wakosoaji wana haki yao.

Kutoka hapo hadi kwenye mbari, lakini, ni mruko mkubwa mno. Wapigapicha waliotumikia itikadi hiyo walitafuta uso mmoja safi wa Kijerumani. Sander aliweka tajiri wa benki, mwanamapinduzi, mtu asiye na kazi na wasanii wa sarakasi katika mkusanyo mmoja, asimwinue yeyote kuwa kipimo cha wengine. Mwaka 1936 Wanazi waliviharibu vibao vya kuchapia kitabu chake. Mwanawe Erich alifungwa miaka 10 kwa siasa za mrengo wa kushoto, akafia gerezani mwaka 1944. Picha zilizopigwa humo gerezani baba yake aliziingiza katika mkusanyo uleule. Aliwaingiza pia Wayahudi waliofika studio yake mnamo 1938 kupigwa picha za vitambulisho, akawapa sura yao wenyewe: wanaoteswa. Mtumishi wa sayansi ya mbari asingeufungua ukurasa huo.

Wapo wanaodai kwamba umaarufu wake ulitengenezwa na majumba ya makumbusho baada ya kifo chake mwaka 1964. Hili halihitaji muda. Mwanafalsafa Mjerumani Walter Benjamin alimwandika mwaka 1931, mwaka uleule wa Evans. Jarida la Uswisi *Du* lilimpa toleo zima Novemba 1959, na mwaka uliofuata mpigapicha Mmarekani Diane Arbus alimtaja kwenye postikadi akieleza sura za watu aliowaona siku hiyo.

Mwishowe huulizwa: kama urithi wake ni watu, mbona wanaotajwa sana kuwa warithi wake, Bernd na Hilla Becher, walipiga picha za matangi ya maji na minara ya migodi? Swali zuri. Bernd alizaliwa Siegen, si mbali na Herdorf, na walichokichukua kwa Sander ni mpangilio: kitu kimoja, kutoka mbele, mwanga uleule, kisha kingine cha aina yake kando yake, mpaka jicho lianze kulinganisha lenyewe. Kuanzia 1976 Bernd alifundisha Düsseldorf, na mwanafunzi wao Thomas Ruff akaurudisha mpangilio huo kwa binadamu: nyuso mfano wa picha za pasipoti, zilizokuzwa hadi kupita mita 2, bila kazi wala tabaka kutajwa. Ruff haamini kwamba uso unamweleza mwenye uso. Anampinga Sander waziwazi, na anampinga kwa mtindo wa Sander: mtu mmoja ametazama mbele, nyuma yake pametulia, na safu ndefu ya wengine inamngoja kando.